Kiwanda Kikifungwa, Sumu Hubaki

Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi ubavuni mwa mtaa wa Owino Uhuru, Mikindani, Mombasa. Mwaka 2014 kikafungwa. Watu wengi wangeona kwamba habari imeishia hapo: wananchi wamelalamika, mitambo imezimwa, moshi umekwisha. Lakini madini ya risasi hayamfuati mwenye kiwanda anapohama. Vumbi lake lilikuwa limekwisha kutua juu ya mabati, na mvua ikinyesha ikilisukuma ndani ya mapipa ya maji. Lilikuwa limetua uani wanakocheza watoto na kwenye kamba za kuanikia nguo. Risasi haiozi wala haichujuki. Miaka ikipita bila mtu kuuondoa udongo huo, mtoto anayezaliwa leo ataichezea sumu iliyomwagwa kabla wazazi wake hawajajuana.

Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mtoto wake mchanga alikuwa na risasi mwilini, na hapo ndipo harakati zilipoanza. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mwaka uliofuata kesi ikafunguliwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa. Hukumu ya Julai 2020 iliwapa wakazi wapatao 3,000 fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miongoni mwa waliobebeshwa lawama ilikuwamo NEMA yenyewe, mamlaka ya serikali iliyoundwa ili kuzuia mambo kama hayo.

Magazeti yalizungumzia mabilioni. Mimi naona kipande kizito zaidi cha hukumu ile ya 2020 ni kile kilichosemwa kwa ufupi: udongo na maji yasafishwe ndani ya miezi 4, na ikishindikana zitolewe shilingi milioni 700 za kuifanya kazi hiyo. Nimesoma malalamiko mengi ya wananchi kuhusu uchafuzi, na karibu yote huomba mambo mawili, kiwanda kifungwe na watu walipwe. La tatu husahaulika, nalo ndilo linaloamua kama mahali patakalika tena. Makala haya ni kwa ajili ya hilo la tatu, pamoja na hatua zinazolitangulia, maana usafishaji haudaiwi siku ya mwisho. Unaanza kudaiwa siku ile unapoandika barua ya kwanza.

Kwanza ujue umesimama wapi. Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na salama. Kifungu cha 70 kinaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: anayekwenda mahakamani kuitetea haki hiyo hahitaji kuthibitisha kwamba yeye au mtu yeyote amekwisha kuumia au kupata hasara. Huna haja ya kusubiri mtoto alazwe. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2015, ilikuwa imeuweka mlango huo wazi hata kabla ya Katiba mpya, na inasema pia kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Kinachoangusha watu ni kuchelewa, na kwenda mikono mitupu.

Hatua ya mapema kuliko zote ni ile ya kabla ya kununua ardhi. Tuanze na ardhi oevu, maana huko ndiko akiba za watu wa kawaida zinakozama. Ploti ya bondeni huonyeshwa wakati wa kiangazi, na ploti ya ufukweni huonyeshwa siku za maji mafu. Broka anayejua kazi yake hatakupeleka siku nyingine. Basi wewe jipeleke. Nenda masika, siku ya pili baada ya mvua kubwa. Ikiwa ni karibu na hori la bahari, nenda wakati wa bamvua maji yakiwa yamejaa. Tazama kuta za majirani kama zina mstari wa tope uliokauka, na upime urefu wake kutoka chini. Tazama mimea: panapoota matete na mafunjo maji hayako mbali hata kama udongo wa juu ni mkavu, na penye mashimo ya kaa bahari hufika. Kisha mwulize aliyekaa hapo miaka mingi, hasa mwanamke anayeteka maji au mtu anayechunga, mto hufika wapi ukifurika. Wao hawauzi kitu.

Kanuni za Kenya za ubora wa maji za mwaka 2006 zilipiga marufuku kulima au kujenga ndani ya ukingo wa mto, upana usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande kutegemea upana wa mto wenyewe. Neno la kushika hapa ni mahali kipimo kinapoanzia. Hakianzii kwenye maji unayoyaona Januari, kinaanzia kwenye kimo cha juu kabisa cha mafuriko yaliyowahi kurekodiwa. Watu wengi wamepima kwa kamba kutoka ukingoni, wakapata mita zao, wakajenga, na kumbe kipimo cha sheria kilikuwa kimekwisha kuimeza sebule. Msomaji aliye Tanzania ana hesabu yake: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka bahari, ziwa, kingo za mto au bwawa.

Hatimiliki haikukingi na hili. Agosti 2018 matingatinga yalibomoa jengo la South End huko Lang'ata na lile la Ukay huko Westlands, Nairobi, kwa sababu yalisimama kwenye njia ya maji. Hayo yalikuwa majengo ya watu wenye mawakili. Ikiwa wao walibomolewa, mwenye nyumba ya vyumba vitatu aliyoijenga kwa mkopo wa chama atasalimika kwa lipi? Kwa hiyo kabla ya kutoa hata arbuni, andika barua kwa ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji iliyo karibu nawe na nyingine kwa ofisi ya NEMA ya kaunti, ukitaja nambari ya ploti na kuomba waje waonyeshe mpaka wa ukingo. Majibu hayaji upesi, lakini subira hiyo ni rahisi kuliko kubomolewa. Tena mwambie wakili aingize katika mkataba wa mauziano sharti moja lililo wazi: ikibainika kwamba sehemu ya ploti imo ndani ya ukingo wa mto, ufuko au ardhi oevu, arbuni yote inarudi. Muuzaji akigoma kutia saini sharti hilo, amekwisha kukujibu.

Kwa pwani kuna mikoko pia. Misitu ya mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa misitu ya serikali tangu mwaka 1932, na leo iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu. Anayekuuzia kipande chenye mikoko akikwambia kwamba ukishaikata na kumwaga kifusi mambo yamekwisha, anakuuzia kesi.

Na kama wewe si mnunuzi ila ni jirani, na usiku unasikia malori yakimwaga kifusi kwenye kinamasi kilicho chini yako, usingoje mvua ikuonyeshe maji yatahamia wapi. Yatahamia kwako. Kifungu cha 42 cha ile Sheria ya 1999 (kimegongana nambari tu na kile cha Katiba) kinakataza kujenga, kuchimba, kumwaga kitu, kukausha au kuziba mto, ziwa au ardhi oevu bila idhini ya maandishi iliyotanguliwa na tathmini ya athari kwa mazingira. Andika nambari za malori, tarehe na saa. Peleka malalamiko juma hilo hilo. Kifusi cha siku 3 kinaondolewa kwa tingatinga moja. Kikishashindiliwa na kuwekwa msingi, kila ofisi itaanza kuzungumza juu ya fedha alizokwisha kutumia mwekezaji.

Hapo ni maji tu. Ardhi iliyotiwa sumu ina hatari ya namna nyingine, kwa sababu haionekani hata masika. Unapofanya upekuzi wa ardhi katika ofisi ya usajili utaona jina la mmiliki, deni la benki na zuio la mahakama. Hutaona kwamba miaka ya nyuma hapo palikuwa na gereji, kituo cha mafuta, kiwanda cha ngozi au shimo la taka. Hakuna safu ya kuandikia mambo hayo. Kazi hiyo ni yako. Uliza matumizi ya zamani, uyaandike katika mkataba kwa maneno ya muuzaji mwenyewe, kisha ukague kwa macho na pua: udongo mweusi unaonata, viraka visivyoota nyasi, vipande vya plastiki nzito vya betri, harufu ya dizeli ukichimba kidogo.

Kisima nacho kina siri zake. Watu wengi hushtuka wakiona utando unaometameta rangi rangi juu ya maji. Chukua kijiti uuchokonoe. Ukivunjika vipande vyenye kingo kali vikaelea mbalimbali, huenda ni bakteria wa chuma, ambao hawapendezi lakini ni wa asili. Ukizunguka kijiti na kurudi kuungana mara moja, ni mafuta, na hapo acha kunywa. Jaribio hili halitoshi mahakamani, ila linakwambia kama inafaa kutumia fedha za maabara. Huko Thange, Makueni, mafuta yalivuja kutoka bomba la taifa mwaka 2015, na wakazi waligundua kwenye mto na visima vyao kabla ya mtaalamu yeyote kufika na vipimo.

Hewa ndiyo ngumu kuliko vyote kuthibitisha, kwa sababu haikai. Mkaguzi akija Alhamisi saa nne asubuhi, tanuru limezimwa tangu Jumatano, ataandika kwamba hakuona kitu, na karatasi hiyo itatumiwa dhidi yako kwa miaka. Nawashauri wakazi waweke daftari moja la mtaa, si la mtu mmoja. Kila ingizo liwe na tarehe, saa ya kuanza na kuisha kwa moshi, rangi na harufu yake, aliyekuwapo, aliyekohoa au kuhamisha watoto, na upepo ulivuma kutoka wapi. Hilo la upepo msilidharau. Pwani yetu wakati wa kaskazi moshi hulala upande mmoja, na wakati wa kusi huhamia upande wa pili. Hata ndani ya siku moja upepo wa baharini wa mchana na ule wa nchi kavu wa usiku hubadilishana. Mkaguzi akiletwa wakati wa kusi kukagua madhara yanayotokea wakati wa kaskazi, atakuta mtaa wenu umetulia kabisa. Daftari lenye upepo litamwonyesha arudi lini, saa ngapi, na asimame wapi.

Vile vifaa vidogo vya kupimia vumbi la hewani vinavyouzwa siku hizi vinafaa kwa kujua mwenendo. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 kwamba wastani wa mwaka wa chembe laini kabisa usizidi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa, na kifaa kitakuonyesha kama mtaa wako uko mbali na hapo. Usikitegemee pekee mbele ya hakimu. Wakili wa upande wa pili atauliza kilirekebishwa lini na nani, na ukikosa jibu utaonekana mtu wa kubahatisha.

Tena ujue malalamiko ya hewa hupelekwa wapi, maana wengi huandikia NEMA peke yake wakangoja. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma. Sheria ya Afya ya Umma, ambayo ni ya zamani lakini bado ina meno, inahesabu bomba linalotoa moshi wa kudhuru kuwa ni kero, na afisa wa afya ya umma anaweza kutoa notisi ya kuiondoa. Afisa huyo yuko karibu nawe kuliko ofisi yoyote ya mazingira, na mara nyingi anaujua mtaa. Anzia kwake kwa moshi wa jirani anayechoma matairi au nyaya ili apate shaba. Kiwanda chenye tanuru ni cha NEMA pia, kwa sababu Kanuni za Ubora wa Hewa za 2014 ziliweka viwango na leseni za utoaji moshi. Katika barua moja andikia wote wawili, na kila mmoja aone kwamba mwenzake amepata nakala. Ofisi ikijua kwamba ofisi nyingine imesoma, hupunguza kutupiana mpira.

Sasa nije kwenye karatasi, jambo ambalo ningependa msomaji alikumbuke hata akisahau vifungu vyote. Malalamiko ya mdomo kwa chifu, kwa mzee wa mtaa, kwa diwani kwenye mkutano wa hadhara, hayapo. Yalisemwa, watu walipiga makofi, na hayapo. Andika barua fupi, ukurasa mmoja: sisi ni nani, tunaishi wapi, tunaona nini, tangu lini, tunaomba nini. Chapa nakala mbili. Moja waachie, nyingine wagonge muhuri wa kupokea wenye tarehe. Karani akikwambia muhuri hauko, kaa kwenye benchi mpaka upatikane. Nakala hiyo yenye muhuri ndiyo itakayosema, miaka mingi baadaye, kwamba serikali ilijua na haikuchukua hatua, na katika kesi ya Owino Uhuru ofisi za umma zilibebeshwa mzigo kwa sababu hiyo ya kutowajibika.

Barua ya pili iwe ya kuomba habari. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuiandika kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika ana haki ya kusaidiwa na afisa wa ofisi ile ile kuandikiwa ombi lake. Wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 21, na ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Omba mambo mahususi: ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, leseni iliyotolewa pamoja na masharti yake yote, ripoti za ukaguzi wa kila mwaka, na majibu ya sampuli zozote walizowahi kuchukua. Masharti ya leseni ni hazina. Kiwanda kinaweza kuwa na leseni halali kabisa iliyotolewa kwa sharti kwamba bomba liwe la kimo fulani na maji machafu yasafishwe kabla ya kutoka, na ukisimama barabarani tu unaona kwamba hakuna lililofanyika. Wakikunyima habari bila sababu, Tume ya Haki ya Utawala ipo kwa ajili hiyo.

Kama unapinga leseni yenyewe, fahamu siku 60. Rufaa dhidi ya uamuzi wa NEMA huenda kwenye jopo la kitaifa la mazingira, na muda huo haungojei majibu ya barua zako. Nimeona wanakijiji wenye hoja nzuri wakirudishwa mlangoni kwa sababu walikuwa wakisubiri kwa adabu ofisi iwajibu. Adabu iendelee, lakini rufaa ipelekwe. Na kabla ya leseni kutolewa kuna tangazo magazetini la kualika maoni ya umma, lenye tarehe ya mwisho. Kikundi chochote cha wakazi kiwe na mtu mmoja, kijana anayependa kusoma, mwenye zamu ya kuangalia matangazo hayo.

Ushahidi wa picha una taratibu zake. Simu inapiga picha nzuri, lakini Sheria ya Ushahidi inataka picha ya kielektroniki iambatane na cheti kinachosema nani aliipiga, kwa kifaa gani, na ilichapishwaje. Kwa hiyo aliyepiga picha asifute ya asili, asiikate kingo, na ajulikane kwa jina. Picha iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp bila mwenyewe inaamsha hasira tu.

Sampuli ndizo zinazogharimu, na ndizo zinazoamua. Usijaze maji kwenye chupa ya soda uliyoisuuza ukayapeleka mjini baada ya siku mbili. Pitia kwanza maabara, ziwe za Mkemia Mkuu wa Serikali au zile zilizoidhinishwa na NEMA, uchukue chupa kwao, maana sampuli ya mafuta hutaka chupa ya kioo na sampuli ya madini hutaka chupa iliyotayarishwa kwa ajili ya madini. Sampuli ya vijidudu hubebwa kwenye baridi na hufikishwa siku ile ile. Kila chupa iandikwe mahali, saa na mchukuaji, na iwepo karatasi inayoonyesha ilipita mikononi mwa nani mpaka ikafika maabara. Zaidi ya hayo, chukueni sampuli ya mahali pasipochafuliwa, tuseme kilomita kadhaa upande wa juu wa mto au upande upepo unakotoka. Bila hiyo, upande wa pili utasema madini hayo ni ya asili ya ardhi yenu.

Panaposhukiwa risasi, damu ya watoto ipimwe mapema, kabla ya udongo ikibidi kuchagua, kwa sababu mtoto hawezi kungoja kesi. Hakuna kiwango cha risasi kilicho salama kwa ubongo wa mtoto. Wakati mkisubiri majibu, vueni viatu mlangoni, fagieni kwa kitambaa kibichi badala ya ufagio mkavu, acheni kukinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati hayo, na mama mjamzito asile udongo wa hapo. Haya hayamwondolei mchafuzi deni lake hata kidogo.

Mkifikia mahakama, msiogope gharama kuliko inavyostahili. Katiba inasema kwamba hakuna ada itakayotozwa kwa kufungua kesi ya kutetea haki za msingi, na kanuni za mwaka 2013 zinairuhusu mahakama kupokea hata barua au ombi la mdomo. Wakili bado anahitajika kwa kesi kubwa, na yapo mashirika yanayotetea bila malipo. Lakini mlango haufungwi kwa sababu mfuko hauna kitu.

Nimelichelewesha makusudi lile jambo la tatu, kwa kuwa sasa mna vitu vya kulidai navyo. Kifungu cha 108 cha Sheria ya 1999 kinaipa NEMA uwezo wa kutoa amri ya kurejesha mazingira, kumlazimisha mchafuzi airudishe ardhi karibu kabisa na hali iliyokuwa nayo, na mahakama nayo ina uwezo huo. Asipotii, mamlaka inaweza kuifanya kazi na kumdai gharama. Mnapoandika malalamiko, liwemo tangu barua ya kwanza ombi la amri hii kwa jina lake. Kisha, linapokuja suala la namna ya kusafisha, msikubali sentensi moja tu ya "kusafisha eneo". Sentensi hiyo hutimizwa kwa lori mbili za kifusi kipya juu ya sumu ya zamani na picha ya mgeni rasmi akipanda mti.

Dai ramani ya sampuli inayoonyesha sumu imefika wapi na imeshuka kina gani. Dai kiwango kitakachohesabiwa kuwa ni safi kiandikwe kabla kazi haijaanza, si baada yake. Dai kujua udongo utakaochotwa unapelekwa wapi, kwa gari la namna gani, na nani anasaini unapopokewa, kwa sababu sumu ya Mikindani ikimwagwa Kilifi kesi imehamishwa tu. Mpangilio nao una maana: mabati na mapipa husafishwa kwanza, kisha ndani ya nyumba, kisha uani, na udongo unyunyiziwe maji unapochimbwa. Ukianza na uani bila kuunyunyizia, unalirusha vumbi lile lile juu ya mapaa yaliyokwisha kuoshwa. Familia zenye watoto wadogo zihamishiwe kwingine kwa siku za kuchimba, kwa gharama ya anayesafisha.

Wakazi wawe na mwakilishi wao katika kila hatua, aliyechaguliwa kwa kumbukumbu za maandishi, na ikiwezekana mtaalamu wao. Iombeni mahakama isifunge jalada siku ya hukumu bali iagize taarifa ya maendeleo kila baada ya muda maalumu, maana amri isiyosimamiwa huzeeka upesi. Owino Uhuru walikuwa na amri ya miezi 4 mkononi, na miaka minne baadaye walikuwa bado mahakamani.

Neno moja kwa wasomaji wenye gereji, kituo cha mafuta au karakana ya jua kali. Kifungu cha 93 cha ile Sheria ya 1999 kinakataza kumwaga mafuta na kemikali za hatari, na anayemwaga anabeba gharama za kuziondoa. Ile desturi ya kunyunyiza oili chafu uani ili kuzuia vumbi, au kuimwaga mtaroni jioni, inahesabika kuwa ni kumwaga huko. Iwekeni kwenye pipa lenye kifuniko juu ya sakafu ya saruji, na betri kuukuu zisipasuliwe kamwe ili kumwaga asidi.

Na ninyi mtakaofika mwisho wa safari hii: mkandarasi wa usafishaji atakapokuja na fomu ya kuthibitisha kwamba kazi imekamilika, mwakilishi wenu asitie saini siku hiyo. Zichukuliwe sampuli mpya katika sehemu zile zile za ramani ya kwanza, zipelekwe maabara ambayo mkandarasi hakuichagua, na majibu yasomwe kwa Kiswahili katika baraza la wakazi, nambari kwa nambari, yakilinganishwa na kiwango kilichoandikwa mwanzoni. Damu ya watoto ipimwe tena baada ya miezi kadhaa. Saini ifuate baada ya hapo.